Kobe na Nduguze

Hakuna mwanafunzi wa fasihi simulizi ambaye hajakutana na Sungura na Kobe. Hukutana nao kwanza jikoni kwa nyanya, kisha darasani, kisha chuoni ambako huambiwa kwamba wale aliowapenda tangu utotoni ni wahusika wa hurafa, na kwamba sifa zao zina alama kumi katika mtihani. Hata hivyo, wengi hawatambui kuwa mbio za wawili hawa ni za aina mbili, na kwamba zinatofautiana sana. Katika mbio za kwanza, ambazo tumezoea kuzihusisha na Esopo wa Ugiriki ya kale, Sungura anajiamini kupita kiasi, analala njiani, na Kobe anampita kwa sababu moja tu: hakusimama. Katika mbio za pili, ambazo jamii nyingi za Afrika husimulia, Kobe hashindi kwa kutembea. Usiku wa kuamkia siku ya mashindano anawakusanya nduguze na kuwapanga kando ya njia, mmoja hapa, mwingine pale, wa mwisho karibu kabisa na kikomo. Sungura akitimua mbio na kuita, "Kobe, uko wapi?" anajibiwa kutoka mbele yake, "Niko huku!" Basi hukimbia mpaka pumzi zinamwishia. Wataalamu wa uainishaji wa ngano wamezipa mbio hizi namba yake, 1074, katika orodha iliyoasisiwa na Aarne na kupanuliwa na Thompson. Hata Wajerumani wanazo: katika mkusanyiko wa ndugu wawili Grimm, mshindi ni kalunguyeye aliyemficha mkewe upande wa pili wa shamba.

Mwaka 2002 ilikamilika filamu fupi ya vikaragosi iitwayo The Story of the Tortoise and the Hare. Ina dakika kumi na moja hivi. Kisa chake ni cha mbio za kwanza, zile za Esopo. Lakini namna ilivyotengenezwa, mtu akiifuatilia vizuri, ni mbio za pili. Filamu hiyo ilianzwa mwaka 1952. Aliyeianza ni Ray Harryhausen, Mmarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1920, na aliyekuwa na sifa ya kufanya kazi peke yake kwa kiwango ambacho ni nadra katika sinema.

Kwa wasioijua sanaa hii, inafaa kueleza kidogo. Mhuishaji wa vikaragosi huwa na mwanasesere mwenye kiunzi cha chuma ndani, chenye viungo vinavyokunjika mabegani, magotini, shingoni. Humsimamisha mbele ya kamera, akapiga picha moja. Humsogeza mguu kidogo, pengine kwa unene wa ukucha, akapiga picha nyingine. Picha 24 za namna hiyo hufanya sekunde moja ya filamu; dakika moja huhitaji picha 1,440. Akikosea katika picha ya 1,300, kwa kawaida hakuna kufuta: ni kurudi mwanzo wa tukio. Ni kazi ya ukimya na upweke, na anayeifanya kwa muda mrefu huelekea kuamini kuwa hakuna mkono mwingine duniani unaoweza kukigusa kikaragosi chake bila kukiharibu. Imani hiyo ni muhimu hapa.

Harryhausen aliingia katika sanaa hii kwa mlango wa utazamaji. Mwaka 1933 alipelekwa kuitazama King Kong, filamu ya sokwe mkubwa aliyehuishwa na Willis O'Brien, akatoka ukumbini akiwa na swali moja: yule mnyama alitembeaje? Alipojua jibu, akaanza kuunda wanyama wake nyumbani, akiwapiga picha kwa kamera aliyoazima. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo. Akamsaidia kuunda viunzi. Mama yake akashona. Hapa pana jambo ambalo msomaji wa ngano atalitambua mara moja: kabla ya Kobe kuanza safari, ndugu wawili walikuwa tayari wamesimama kando ya njia.

Wa tatu alikuwa O'Brien mwenyewe. Kijana yule alipokuwa bado shuleni, rafiki wa shule alimshauri ampigie simu bingwa huyo, aliyekuwa wakati huo akifanya kazi katika studio ya MGM. Akapiga. Akaalikwa. Akatia dinosau wake katika sanduku, akaenda. Miongoni mwao alikuwamo stegosaurus ambaye alikuwa ameshinda tuzo katika maonyesho ya jumba la makumbusho la jiji lao. O'Brien akamtazama yule stegosaurus, akasema kwamba miguu yake ilifanana na soseji zilizokunjamana. Kisha akaongeza kuwa kijana hana budi kuisoma elimu ya maumbile ya mwili, ajue msuli unashikana na mfupa wapi, na kumtia mnyama wake tabia.

Hukumu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko filamu nyingi za Harryhausen, kwa sababu zote zimetoka humo. Kwanza, ilitolewa juu ya kazi iliyokwisha kutuzwa. Waamuzi wa makumbusho walikuwa wameiona na kuisifu, na wahenga wametuonya kuhusu mgema na tembo lake. Waamuzi wale hawakuwa wahuishaji. Walimwona dinosau mzima, wakafurahi. O'Brien aliona mguu. Pili, hakusema kwamba kazi ni mbaya, wala hakusema ni nzuri ila ina upungufu hapa na pale, kama wasemavyo wahakiki wengi wanaoogopa kumwudhi mtu. Alitaja mahali penyewe, kwa tashbihi ambayo mtu hawezi kuisahau hata akitaka. Tatu, na hili ndilo linalomtenga mhakiki aliyewahi kufanya kazi na yule asiyewahi, alionyesha njia ya kutokea. Nenda kasome mifupa.

Kijana akaenda. Alijiandikisha katika masomo ya sanaa na maumbile ya mwili, na baadaye katika masomo ya usiku ya upigaji picha na uhariri wa filamu. Ni vigumu kutofikiria jinsi ambavyo mambo yangekuwa iwapo angejibu kama wajibuvyo wengi wetu katika semina: kwamba mhakiki hakuielewa dhamira ya mtunzi, kwamba soseji zile zilikusudiwa.

Waswahili si wageni wa jambo hili. Kurasa za ushairi za Taifa Leo zimekuwa kwa miaka mingi uwanja ambamo malenga hutoa shairi, na mwenzake wa mji mwingine akamjibu kwa shairi akimwonyesha palipopungua mizani au kina kilichopotoka. Anayejibu ni mtunzi. Naye atajibiwa zamu yake ikifika. Hapo ndipo ulipo ugumu na utamu wa uhakiki wa wenzi: anayekukosoa leo ataiweka shingo yake mahali hapo hapo kesho, na anajua hivyo anapochagua maneno.

Lakini uko uhakiki wa aina nyingine, nao nusura umwangamize Harryhausen. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza mradi aliouita Evolution, filamu ya kuonyesha historia ya uhai duniani, dinosau wakiwa ndio wahusika wakuu. Alikuwa akiitengeneza peke yake. Mwaka 1940 ikatoka Fantasia ya Walt Disney, yenye sehemu ndefu kuhusu mada iyo hiyo, iliyofanywa na kundi kubwa la wachoraji kwa muziki wa Stravinsky. Harryhausen aliitazama, akaiacha kazi yake. Hakuna aliyemwambia aiache. Hakumwonyesha mtu vipande alivyokuwa navyo na kuuliza kama kuna jambo ndani yake ambalo Disney hakulifanya. Alijilinganisha peke yake gizani, akajihukumu peke yake. Wenye hekima wanasema nyani haoni kundule. Wangeongeza kuwa wakati mwingine haoni hata uzuri wake. Jambo la kushukuru ni kwamba vipande vile havikutupwa. Vilimpatia kazi kwa George Pal, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akitengeneza filamu fupi za vikaragosi vya mbao. Kwa Pal, kila hatua ya mwendo ilichongwa mapema, vichwa na miguu kadha wa kadha kwa mhusika mmoja, na kazi ya mhuishaji ilikuwa kubadilisha vipande kwa utaratibu uliokwisha kupangwa. Harryhausen hakuupenda mtindo huo. Aliondoka akiwa na kitu kimoja, hata hivyo: wazo la vichwa vinavyobadilishwa. Atalitumia.

Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka jeshini, katika kitengo cha filamu kilichoongozwa na Frank Capra. Vilipokwisha, alipata futi 1,000 za utepe wa rangi wa milimita 16 ambao muda wake wa matumizi ulikuwa umepita na jeshi la wanamaji lilikuwa limeutupa. Futi moja ya utepe huo ina picha 40. Kwa hivyo alikuwa na picha 40,000, yaani filamu isiyofika dakika 28 hata kama asingekosea hata mara moja. Mtu mwingine angeona takataka.

Kwa utepe huo alianza mfululizo wa filamu fupi ambazo yeye mwenyewe alizitaja baadaye kwa kuzilinganisha na kile kipete ambacho mtoto mchanga hutafuna anapoota meno. Ya kwanza, Mother Goose Stories, ilitoka mwaka 1946, nayo ilikusanya visa vifupi vinne vya mashairi ya watoto. Zikafuata ngano ndefu zaidi: msichana wa kofia nyekundu na mbwamwitu, Rapunzel mwenye nywele za kupandiwa, Hansel na Gretel katika nyumba ya mikate, na Mfalme Midas ambaye kila alichogusa kiligeuka dhahabu. Hii ya mwisho ilitoka mwaka 1953. Zilitengenezwa katika gereji ya nyumbani. Baba aliunda viunzi, mama alishona nguo ndogondogo za wafalme na wachawi. Charlotte Knight aliwaandikia hadithi. Zilisambazwa mashuleni, watoto wa Marekani wakazitazama darasani bila kujua kwamba walikuwa wakimtazama mtu akijifunza.

Anayezitazama kwa mfuatano huona kujifunza huko. Tatizo kubwa lilikuwa nyuso. Dinosau hana haja ya kutabasamu, lakini Gretel anahitaji kuogopa, na kuogopa kwake kusiwe sawa na kushangaa. Hapo ndipo lile wazo la Pal liliporudi, likiwa limepigwa msasa. Harryhausen aliwaundia wahusika vichwa vyenye nyuso mbalimbali, huzuni, furaha, hofu, lakini badala ya kubadilisha kichwa ghafla kama ilivyofanywa katika filamu za Pal, aliifanya picha ya uso mmoja iyeyuke polepole ndani ya picha ya uso wa pili. Uso ukaonekana unageuka wenyewe. Mwili nao ulibaki mmoja, wenye viungo, ukisogezwa kwa mkono kama alivyofanya O'Brien. Yaani alichukua kwa bwana mmoja kichwa na kwa bwana mwingine mwili. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kusikiliza maoni yanayopingana ya wasimamizi wawili wa tasnifu ataona ustadi ulio katika uamuzi huo.

Lipo jambo jingine dogo katika filamu hizo, linalochekesha na kugusa. Majina ya baba na mama yametajwa miongoni mwa watengenezaji, lakini si kwa jina la Harryhausen. Wameandikwa kwa majina mengine ya ukoo, yamkini ili mtazamaji asione kuwa kampuni nzima ni nyumba moja. Kobe wa namba 1074 angetabasamu. Yeye aliwafanya nduguze wengi waonekane mtu mmoja. Huyu aliifanya familia moja ionekane watu wengi.

Katikati ya mfululizo huo, O'Brien alimwita. Palikuwa na filamu mpya ya sokwe, Mighty Joe Young, iliyotoka mwaka 1949, na yule bingwa alihitaji msaidizi. Kazi ya mipango na michoro ilimshughulisha O'Brien kiasi kwamba sehemu kubwa ya uhuishaji ilibaki mikononi mwa kijana aliyewahi kuleta soseji ndani ya sanduku. Na katika filamu hiyo bwana naye alionyesha kwamba alikuwa mwanafunzi wa makosa yake. Katika King Kong ya 1933, manyoya ya sokwe hutikisika kila wakati kana kwamba upepo unavuma juu yake, hata pasipo na upepo. Ni alama za vidole: kila mhuishaji alipomshika Kong ili amsogeze, aliyavuruga manyoya, na kamera ikayanasa. Kwa Joe, ngozi iliandaliwa kwa mpira ili nywele zisivurugike kwa kuguswa. Sokwe akatulia. Filamu hiyo ilipewa Oscar ya athari maalum mwaka 1950. Lakini wapo hadi leo wanaozipenda zile alama za vidole za 1933, na wana hoja: zinamwonyesha mtu aliyekuwa pale, usiku kucha, akimgusa mnyama wake picha baada ya picha.

Basi ikafika 1952. Harryhausen alianza ngano ya sita, Sungura na Kobe. Akaunda vikaragosi, akapiga dakika chache. Kisha ikaja kazi ya filamu ndefu, The Beast from 20,000 Fathoms, iliyotoka mwaka 1953, na jina lake likajulikana. Mfululizo wa gereji ulikatika hapo. Kobe akaachwa njiani, mguu mmoja mbele, na hakuna picha iliyofuata.

Miaka iliyofuata inajulikana kwa kila mpenzi wa sinema, kwa hivyo hakuna haja ya kuirudia kwa kirefu. Kwa msomaji wa Kiswahili itoshe kusema kwamba mabaharia wa Alfu Lela Ulela, ambao babu zetu waliwasoma katika tafsiri ya Kiswahili, Harryhausen aliwapeleka sinema mara tatu, kuanzia The 7th Voyage of Sinbad ya 1958. Alihamia London. Huko alimwoa Diana Bruce, mwanamke wa ukoo wa David Livingstone, yule mmishenari ambaye alifariki mwaka 1873 na maiti yake ikabebwa na Susi, Chuma na wenzao hadi Bagamoyo. Safari nyingine, ikumbukwe, ambayo aliyeianza siye aliyeimaliza. Na katika filamu zake nyingi hizo, viumbe vyote, mifupa yenye panga, ndege wakubwa, majitu ya jicho moja, vilisogezwa na mikono miwili, yake. Ni katika Clash of the Titans ya 1981, filamu yake ndefu ya mwisho, ndipo alipokubali kuwa na wasaidizi wa kuhuisha pamoja naye.

Filamu moja katika orodha hiyo inastahili kutengwa. O'Brien alikuwa mtu wa kazi nyingi zisizokamilika. Ile aliyokuwa akiiandaa siku alipotembelewa na kijana mwenye sanduku haikutengenezwa kamwe. Nyingine, kuhusu wachunga ng'ombe wanaomgundua dinosau katika bonde lililojificha, ilisimamishwa mwaka 1942. O'Brien alifariki mwaka 1962 pasipo kuiona. Mwaka 1969 ikatoka The Valley of Gwangi: wachunga ng'ombe, bonde, dinosau. Harryhausen alikuwa ameichukua kazi ya bwana wake pale ilipoachwa, akaifikisha. Haikuvuta watazamaji wengi. Lakini dinosau wake, anapozungukwa na wapanda farasi wenye kamba, ana miguu ambayo O'Brien asingeifananisha na soseji.

Sasa turudi kwa Kobe. Vikaragosi vya 1952 havikutupwa; vilihifadhiwa miaka yote hiyo. Karibu na mwaka 2000, wahuishaji wawili vijana wa Los Angeles, Mark Caballero na Seamus Walsh, walimwendea mzee yule na ombi ambalo lingeweza kuonekana kama ujasiri au utovu wa adabu, kutegemea namna lilivyopokewa. Walitaka kuimaliza. Wao pia walikuwa watu wa vikaragosi, katika zama ambazo kompyuta ilikuwa imeichukua karibu kazi yote ya viumbe katika sinema. Walikuwa wamekulia katika filamu zake kama yeye alivyokulia katika King Kong.

Fikiria uzito wa jambo hilo kwa upande wa mzee. Alikuwa na miaka takriban 80. Mwaka 1992 alikuwa amepewa tuzo maalum ya Oscar kwa kazi ya maisha yake. Hakuhitaji filamu fupi ya watoto ili akumbukwe. Kuikataa kungekuwa rahisi na kwa heshima: kazi ambayo haikukamilika haina kosa, na hakuna awezaye kusema miguu yake ni soseji. Kuikubali kulimaanisha kuitoa mikononi kazi ya ujana wake, aifanye mtu mwingine, na yeye akae upande ambao O'Brien alikaa siku ile, upande wa anayetazama na kusema. Alikubali. Akawapa vikaragosi. Akaisimamia kazi.

Kwa wale vijana nao mtihani haukuwa mdogo. Mtu anayekamilisha kazi ya mwingine hana ruhusa ya kuonyesha ubingwa wake. Wangeweza, kwa maarifa na vifaa vya mwaka 2002, kumfanya Sungura aruke vizuri zaidi kuliko alivyoruka mwaka 1952. Lakini vizuri zaidi kungekuwa kosa, kwa sababu kungeonyesha mshono. Walilazimika kujifunza namna mkono wa kijana wa miaka 32 ulivyosogeza, uzito aliompa Kobe, haraka aliyompa Sungura, hata mapungufu ya zama zile, na kuyatii yote. Ni kazi inayofanana na ya mhariri wa miswada ya kale anayejaza ubeti uliochanika katika utenzi: anaujua ushairi, anaweza kutunga wake mwenyewe, na kwa sababu hiyo hasa inambidi anyamaze ndani ya sauti ya mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hapa vidole vyote vilitakiwa kuacha alama moja.

Mtu anaweza kupinga hapa, na wanaopinga wana haki. Kobe wa ngano ya 1074 ni mdanganyifu. Sungura alishindana na kobe mmoja akashindwa na ukoo, na watambaji wengi husimulia kisa hicho kwa kicheko ambacho hakiondoi swali la haki. Je, filamu iliyoanzwa na mmoja na kumalizwa na wengine ni ya nani? Jibu la wahusika wenyewe lilikuwa la wazi kuliko la Kobe. Majina ya vijana wale yapo, na safari hii hakuna aliyejificha nyuma ya jina jingine. Mwaka 2003 filamu hiyo ilishinda tuzo ya Annie, ambayo hutolewa na chama cha wahuishaji wenyewe, kwa kuwa filamu fupi bora. Waliohukumu, kwa maneno mengine, walikuwa watu wanaotazama mguu.

Harryhausen alifariki London mwaka 2013, akiwa na miaka 92. Filamu ipo. Mtazamaji mdadisi anayejua kisa chake hawezi kuiangalia kwa raha; jicho lake linatafuta mshono, mahali ambapo mwaka 1952 unakoma na 2002 unaanza. Anamwona Sungura akijigamba, anamwona akilala chini ya mti. Anamwona Kobe akipita pole pole, shingo mbele, mguu baada ya mguu. Kobe anavuka kikomo. Ni mkono wa nani uliomsogeza katika hatua ile ya mwisho, picha yenyewe haisemi.